Kabuti Nililolificha

Kibanda changu cha kushonea kiko Kapsoit, mkabala na duka la mbolea, na mara nyingi nimejua nani anaitwa kortini Kericho kabla majirani zake hawajajua. Nguo ndizo huniambia. Mteja wa kawaida akileta suruali husema nishone nikipata nafasi. Mwenye kesi huja Jumatatu akitaka suruali ipunguzwe kiuno kabla ya Jumatano, na akingoja hutazama barabara badala ya kutazama mkasi wangu. Simuulizi kitu. Nampima, namwambia anyooke, halafu namwachia nafasi kidogo tumboni, maana mtu aliyesimama kizimbani hupumua kwa nguvu.

Nimevalisha watu wa kesi wa kila aina. Mfanyakazi mmoja wa shamba kubwa la majani chai, mtu wa kutoka Kisii, alishtakiwa kwa kukata mti usio wake. Aliniletea blazer ya shule ya mwanawe nimtolee nembo mfukoni. Nilimtolea, lakini mikono ya blazer ilikoma karibu na viwiko, na mahali pa nembo pakabaki na kiraka cheusi kuliko nguo yote, umbo lake bado likionekana vizuri. Kijana wa bodaboda alivua herini mbele yangu, akaziweka kwenye sahani yangu ya pini, na mpaka leo hajarudi kuzichukua. Akina mama wao hupenda kwenda na sare ya chama cha kanisa, kana kwamba Bwana mwenyewe atakuwa ameketi kando ya hakimu. Wote walitaka kuonekana watu ambao hawawezi kufanya lile wanalosemekana wamefanya, nami nilijivunia kuwasaidia. Nilidhani najua korti inavaliwa nini.

Ilipofika zamu ya nyumba yetu, ujuzi wangu huo nusura utupotezee shamba.

Lazima nieleze nyumba yetu kwanza. Nyumbani kwetu mume alikuwa mwanamke, na nalisema wazi ili msomaji asihangaike. Kwetu Wakipsigis, mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa mke. Anatoa ng'ombe, nyasi zinafungwa kwenye vifundo vya mikono ya maarusi kama ndoa nyingine yoyote, na kuanzia siku hiyo yeye ni mume. Watoto watakaozaliwa ni wa boma lake, na hao ndio warithi wa shamba la mumewe aliyefariki. Nani alimzaa nani kwa damu si neno la kuulizwa mezani. Basi huyo mama, mjane asiye na mtoto, alimwoa mama yangu alipokuwa msichana wa Merigi, nami nikazaliwa, kisha ndugu yangu. Tulimwita Kogo, yaani nyanya, kwa sababu ya umri wake. Lakini mwenye boma alikuwa yeye, na hatukuwahi kuona ajabu.

Mumewe Kogo alikuwa mlinzi katika kiwanda cha majani, na alipokufa aliacha kabuti zito la rangi ya majivu na kofia ya pama. Siku ya kumwoa mama yangu, Kogo alivaa vyote viwili. Tangu siku hiyo kabuti hilo lilikuwa ngozi yake. Alikamua ng'ombe nalo, likimburuta kwenye nyasi kwa kuwa marehemu alikuwa mrefu. Alienda nalo barazani akaketi benchi la wazee wanaume. Kanisani aliketi upande wa akina mama ili asimtatize mchungaji, lakini kabuti hakulivua hata huko. Vifungo vyake vilikuwa vinne, na hakuna kilichofanana na mwenzake.

Jioni, akiingia nyumbani, alisimama mlangoni, akatikisa mabega kidogo, na bila kugeuka akaliachia kabuti lianguke nyuma. Mikono ya mama yangu ilikuwa tayari iko pale. Mama alilidaka, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari wake. Sisi watoto hatukuruhusiwa kulitundika. Niliona jambo hilo kila siku ya utoto wangu na sikulitilia maanani.

Hata salamu zake zilikuwa za kiume. Siku hizi vijana humwambia kila mtu chamge na mambo yanaishia hapo. Wazee wa zamani wana mpaka wao: mwanamume huamkiwa subai, naye hujibu epa, mwanamke huamkiwa takwenya, naye hujibu igo. Ukimwambia mwanamume takwenya unatafuta ngumi, na ukimwambia mke wa mtu subai umemvunjia heshima. Wazee wote wa kwetu walimwamkia Kogo subai.

Kisha mwana wa ndugu wa mumewe Kogo akaenda kortini. Ni mwanamume wa makamo mwenye nyumba za kupangisha mjini Kericho, mtu ambaye alikuwa akitutembelea Krismasi na kula vizuri. Shamba letu, ekari tatu za majani chai pamoja na nyumba na zizi, lilikuwa bado kwa jina la marehemu mzee, kwa sababu Kogo aliona ukienda kuandikisha ardhi unajitafutia maneno. Binamu huyo akadai kwamba Kogo ni mjane tu, hana mtoto, na kwamba mama yangu ni msichana wa kazi aliyeletwa kuchuma majani akazalia hapo hapo. Kwa hiyo Kogo akifa, shamba ni lake yeye.

Mama yangu alikuwa amepita miaka sitini. Ile michai aliipanda kwa mikono yake, shina kwa shina, nikiwa mgongoni. Merigi ndugu zake walishagawana kila kitu, na hata mahali pa kutua sufuria hana. Sisi watoto tungejikimu. Mimi nina cherehani, ndugu yangu anaendesha lori. Lakini mama angetolewa mlangoni mwake akiwa ajuza, na angetolewa kwa jina la mfanyakazi. Jina hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku samansi zilipoletwa aliketi jikoni akaniuliza, "Kumbe mimi niliajiriwa?"

Ndoa ile haikuwa na cheti wala picha. Waliokuwepo walikuwa wameshazikwa, isipokuwa mzee mmoja, rafiki wa karibu wa marehemu, ambaye ndiye alisimamia kufungwa kwa nyasi. Lakini miaka ilikuwa imepita, naye alikuwa ameokoka, amekuwa mzee wa kanisa, na mambo hayo ya mwanamke kuoa mwanamke hakutaka tena kuyasikia. Binamu alimfikia kabla yetu. Tukapata habari kwamba atakuwa shahidi wake, na kwamba atasema hakuona ndoa, aliona karamu tu.

Wakili wetu alikuwa kijana mpole asiyetoka kwetu. Alimtazama Kogo ofisini kwake, akaitazama ile kofia, akakuna shingo.

"Shosho, court ni court," alisema. "Magistrate ni mtu wa town, hii mambo ya huku haelewi. Wacha aone mama mzee, msafi, respectable. Hiyo jacket tafadhali ibaki nyumbani."

Kwangu mimi hayo yalikuwa kama kualikwa harusini. Nilinunua kitambaa cha buluu iliyoiva, nikakata gauni la mikono mirefu, nikatia kola ya lesi nyeupe na pindo la kupendeza. Akina mama wa kanisa waliopita kibandani walilishika kwa vidole, wakasema fundi umejishinda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaongeza lesi hadi kwenye mikono.

Lakini kabuti nilijua halitaachwa kwa maneno. Kwa hiyo nilimwambia Kogo bitana yake imechanika, anipe nilishone. Akanipa bila kushuku. Nililipeleka kibandani, nikalifunika kwa mabaki ya vitambaa, nikatia kufuli. Asubuhi ya kesi aliliulizia, nikamwambia bitana haijaisha. Mtu mzima mimi, mwenye watoto, nikamdanganya nyanya yangu nikimtazama machoni. Alivaa gauni. Akajitazama chini, akashika lesi kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kiwavi.

Kortini tuliketi benchi la mbele: Kogo, mama, ndugu yangu na mimi. Nilikuwa nimejaa sifa. Kisha akaingia binamu, na nikabaki mdomo wazi. Mtu huyu ambaye simjui bila viatu vya kung'aa alikuja na gambuti zenye tope na sweta iliyotoboka kiwiko. Mikononi alishika kofia ya sufu ya wachuma majani. Hajawahi kuchuma hata kikapu kimoja. Lakini kama ningekuwa hakimu, ningesema huyu hapa ndiye mkulima.

Alitoa ushahidi wake kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeonewa. Wakili wake akaomba Kogo asimame ili atambuliwe. Kogo akasimama, mdogo ndani ya gauni langu, lesi imemzunguka shingo.

"Mheshimiwa," wakili yule alisema, akinyoosha mkono polepole, "huyu nyanya mnayemwona ndiye tunaambiwa ni mume."

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, kilikuwa kile cha watu waliochoka kukaa kwenye mabenchi, lakini kilinikata. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, aliwanyamazisha, akamtazama Kogo kwa muda, akaandika. Sijui aliandika nini. Najua alichokiona, kwa maana nilikishona mwenyewe: bibi kizee wa kanisani, mke wa mtu kuanzia kola mpaka pindo. Kila alichotaka kusema binamu yetu, gauni langu lilikuwa limeshakisema. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Muda ukaisha, shahidi wa binamu hakufikiwa, na kesi ikaahirishwa kwa miezi miwili.

Jioni ile Kogo alifika mlangoni, akasimama, akatikisa mabega. Hakukuwa na kitu cha kuvua. Mama alikuwa ameshanyoosha mikono nyuma yake, nayo ikabaki hewani, mitupu. Walitazamana. Mama akacheka kidogo kwa aibu, akaingia jikoni, na niliposikia sufuria zikigongana kuliko kawaida nilijua analia.

Kogo hakunigombeza siku hiyo. Alingoja Jumapili, baada ya chai, akaniita zizini.

"Kabuti liko wapi?"

"Liko kibandani, Kogo."

"Bitana ilikuwa imechanika?"

"Haikuwa imechanika."

Aliendelea kumkuna ndama masikioni. "Mume wangu alipokufa," akasema, "watu walikuja kuniambia nirudi kwetu. Nikavaa kabuti lake, nikaoa. Hakuna aliyeniambia tena nirudi kwetu. Sasa wewe umenivua, ukanipeleka mbele ya watu nikiwa mjane."

Nilitaka kusema nilikusudia mema. Badala yake nilichukua ufunguo wa kibanda nikaondoka.

Nilipomletea kabuti alilikunjua, akanusa kola, kisha akasimamisha kidole kifuani. Nilikuwa nimesahau kumwambia. Katika siku zile za kulificha mkono ulikuwa umeniwasha, nikaondoa vifungo vile vinne vya kuokoteza na kutia vipya vya rangi ya dhahabu.

"Hivi ni vya askari wa nani?" aliuliza.

Nilivifumua palepale kwa meno, nikatafuta vile vya zamani kwenye mkebe wangu, nikavirudisha kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake alipokumbuka yeye: cha mbao juu, cha chuma cha pili, kisha kile cha buluu cha sweta yangu ya darasa la kwanza, na chini kile kipana kilichopasuka ukingoni. Alisimama juu yangu mpaka nikamaliza. Ndiyo kazi ya kushona niliyosimamiwa vikali kuliko zote.

Siku ya pili ya kesi kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani. Wakili wetu alituona tukipanda ngazi, akafumba macho.

"Si tuliongea?" aliniuliza.

"Tuliongea," nikamjibu. "Sasa ongea naye wewe."

Hakuongea naye. Kogo alipita mlangoni na kofia yake kichwani, nyuma yake mama yangu katika leso na sweta yake ya kila siku, maana nilikuwa nimeacha mambo ya kuvalisha watu. Askari wa mlangoni, kijana, alimwangalia mara moja tu.

"Mzee, toa kofia," alimwambia.

Wanawake hawaambiwi hivyo kortini. Vilemba vyao hubaki kichwani. Kogo akaitoa kofia, akaiweka magotini, na nikiwa kando yake niliona midomo yake ikijizuia kucheka. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, cheupe.

Mashahidi hukaa nje mpaka waitwe, kwa hiyo yule mzee wa kanisa hakuwa ametuona. Alipoitwa aliingia na suti ya kahawia ambayo mimi mwenyewe nilimpunguzia mabega mwaka aliotawazwa. Alitembea kwa fimbo, macho kwenye sakafu, kama mtu anayekwenda kufanya kazi asiyoipenda. Njia ya kwenda kizimbani ilipita mbele ya benchi letu. Akaona kwanza pindo la kabuti, nadhani, maana alisimama. Macho yakapanda taratibu, kifungo kwa kifungo, mpaka usoni. Nimemfikiria mara nyingi tangu siku ile. Naamini kwa dakika ile hakuwa kortini hata kidogo. Alihamisha fimbo mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia.

"Subai," alisema.

"Epa," Kogo akajibu, na wakashikana mikono.

Karani akamhimiza aende mbele. Mzee akapanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa. Halafu akasema yale yale tuliyosikia atayasema, kwa Kipsigis, mkalimani akiyageuza: kwamba alikwenda pale siku hiyo, akala, akanywa maziwa, na ndoa hakuiona. Wakili wa binamu akaketi ameridhika.

Wakili wetu alikuwa akipekua karatasi. Salamu ile ilikuwa imempita kama upepo. Nilimvuta koti kwa nyuma mpaka karibu nilichane, nikamnong'oneza sikioni. Alinigeukia. "Uko sure?" Nikamwambia aulize mtu yeyote mle ndani mwenye mvi. Akasimama.

"Mzee, ulipoingia ulimsalimia mtu hapa mbele?"

"Nilimsalimia."

"Kwa maneno gani?"

Mzee akatazama mkalimani, kisha akatazama fimbo yake. "Ni salamu tu," akasema.

Hakimu akainua kichwa. "Iseme, mzee."

"Subai."

Hakimu akamgeukia mkalimani, mtu wetu wa huku huku, ambaye alikuwa ameshaanza kujikohoza. "Maana yake?"

"Ni kuamkia, Mheshimiwa. Ni salamu ya wazee." Akajikohoza tena, halafu uaminifu wa kazi ukamshinda. "Ni ya mwanamume, Mheshimiwa. Mwanamke huamkiwa vingine. Takwenya."

Hakuna aliyecheka mara hii. Nilisikia mvua ikianza kugonga mabati.

"Mzee," wakili wetu aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia, "mke wako unaweza kumwamkia subai?"

"Hapana!" alijibu kwa Kiswahili bila kungoja mkalimani. "Hiyo ni kumtusi."

"Basi huyu ulikuwa unamtusi?"

"Huyu? Huyu siwezi kumtusi."

"Kwa nini ulimwamkia hivyo?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mzee yule hakuwa mwongo wa kuzaliwa, na nilimwonea huruma. Alikuwa mtu aliyejaribu kuzika jambo ili kanisa lisimwone nalo. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Alimtazama binamu, ambaye siku hiyo pia alikuja na zile gambuti zake. Kisha akalitazama kabuti, na alipoanza kusema alisema polepole, kwa Kipsigis, akimwachia mkalimani nafasi.

"Hilo kabuti lilikuwa la rafiki yangu. Tulilinda kiwanda pamoja, yeye akilala mimi nakesha. Alipokufa, huyu alilivaa. Siku ile alikuwa amelivaa. Mimi ndiye nilisimama nyasi zilipofungwa, mkononi mwake na mkononi mwa yule." Akainua kidole, akamwonyesha mama yangu. "Yule si mfanyakazi. Yule aliolewa. Nimeapa, na nimekosa. Mniandike hivyo."

Mama yangu alikuwa ameinama. Kogo hakumgusa wala hakumtazama. Aliweka tu kofia yake kwenye mapaja ya mama, kama anayemwambia amshikie.

Nje barazani, tukingoja mvua ipungue, mzee alisimama peke yake karibu na nguzo. Binamu alishaondoka. Kogo akamwendea, akatangulia yeye kusema subai. Mzee akajibu epa, na machozi yakamtoka. Walisimama bega kwa bega wakiitazama mvua, wakizungumza habari za ng'ombe. Nilikuwa bado na hasira naye, na mpaka leo kuna Jumapili ninazokuwa nayo, lakini suti yake nikiletewa naishona vizuri.

Hukumu ilisomwa miezi mitatu baadaye. Hakimu aliisoma kwa Kiingereza, kurasa nyingi, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na sisi tulikaa tukimtazama wakili wetu usoni ili tujue tunakwenda wapi. Uso wake haukusema kitu mpaka mwisho. Hapo aliinama kwenye benchi letu.

"Mama yenu ni mke," alisema. "Court imekubali ni ndoa. Watoto ni wa hiyo boma, na shamba ni yenu."

Ndugu yangu alificha uso. Mimi nililia waziwazi, sina aibu ya kusema. Mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Amesema mke?" Wakili akamwambia ndiyo, ameandika mara nyingi. Akauliza tena, "Ameandika?" Akaambiwa ameandika. Kogo alikuwa akitafuta fimbo yake chini ya benchi.

Watu huniuliza lile gauni lilikwenda wapi. Kogo alilivaa mara moja zaidi, kwenye ubatizo mmoja, ili nisijisikie vibaya. Kisha akakata kola, na lesi hiyo ndiyo inayofunika jagi la maziwa nyumbani. Wateja wa kesi bado wanakuja kibandani Jumatatu, nami bado nawapunguzia kiuno, lakini siku hizi kabla sijachukua futi nawauliza wanaenda kusema nini huko.

Lakini nilitaka kumalizia pale kortini, siku ya hukumu. Tulitoka barazani kumejaa watu: wenye kesi, mawakili, askari, wanawake wa sare za kanisa, vijana waliovua herini. Mvua ilikuwa imekatika na jua likatoka kwa ghafla, lile jua kali la Kericho la baada ya mvua. Kogo alisimama ngazi ya juu. Akasikia joto. Akatikisa mabega kidogo, na bila kugeuka, mbele ya watu wote hao, akaliachia kabuti lianguke nyuma.

Mikono ya mama yangu ilikuwa tayari iko pale.